Kazi Tatu Zenye Ushahidi



Mama mmoja wa Kisauni ameniletea suali ambalo naona si lake peke yake. Mwanawe ana umri wa miaka 23. Alimaliza kidato cha nne, karo ya chuo haikupatikana, naye akajifunza mwenyewe kutengeneza tovuti kwa kompyuta kuukuu aliyoachiwa na mjombake. Huu ni mwaka wa pili. Ametengeneza kazi kumi, akaziweka kwenye intaneti, akapeleka maombi kwingi, na hajaitwa hata mara moja. Nyumbani maneno yameanza. Ami yake asema kijana aiuze ile kompyuta, akatafute kibarua bandarini. Mama auliza: "Sheikh, nimwambie aache?"

Kabla ya kumjibu niliomba kuziona hizo kazi kumi, kisha nikaketi na vijana wawili wa papa hapa Mombasa wanaokula kwa ufundi huu, mmoja wao akiwa ndiye achaguaye watu wa kuajiriwa pale afanyapo kazi. Niyaandikayo leo kwa sehemu kubwa ni maelezo yao, nami nimeyapima na kuyapanga ili yamfae kijana yeyote aliye katika hali hiyo, na wazazi wake pia.

Mwenye cheti cha chuo huingia mlangoni na shahidi wake mkononi. Aliyejifunza mwenyewe hana shahidi huyo. Shahidi wake ni kazi aliyoifanya, ule mkusanyo wa kazi waitao potifolio. Na ushahidi una adabu zake, kama ajuavyo yeyote aliyewahi kuhudhuria mahakama ya Kadhi. Kadhi hatosheki na mashahidi kumi wanaorudia neno moja waliloambiwa na mtu mmoja. Ataka aliyeona kwa macho yake, awezaye kuulizwa akajibu.

Sasa zitazameni zile kazi kumi. Kuna kikokotoo, kuna orodha ya mambo ya kufanya, kuna ukurasa wa kuonyesha hali ya hewa, kuna saa ya kuhesabu dakika, na kuna nakala ya tovuti mashuhuri ya filamu. Zote zafanya kazi, na zote ni nadhifu. Ila zote zimetoka katika masomo ya bure yaliyomo mtandaoni, kama yale ya freeCodeCamp yaliyoanza mwaka 2014, na masomo hayo yamefuatwa na watu wengi mno duniani. Kila mmoja wao ana kikokotoo na kila mmoja ana orodha. Anayeajiri akifungua kazi hizo hawezi kujua ni lipi alilofikiri kijana na ni lipi aliloagizwa na mwalimu. Mwanafunzi wa khati huanza kwa kufuatisha maandishi ya ustadhi wake, na hiyo ndiyo njia sahihi ya kujifunza. Lakini hapeleki karatasi ile ya kufuatisha akasema, "Tazameni mwandiko wangu."

Basi kazi ya kuonyesha ichaguliwe vipi? Nimepata vipimo vinne.

Cha kwanza ni haja. Je, yuko mtu wa kweli ambaye jambo hili lamsumbua? Wakenya tuna mfano ulio karibu. Mwezi Januari 2008, katika machafuko yaliyofuata uchaguzi, Wakenya wachache walitengeneza kwa siku chache tovuti iliyopokea habari za ghasia kutoka kwa wananchi, kwa ujumbe wa simu na kwa intaneti, na kuzionyesha kwenye ramani. Waliiita Ushahidi. Ramani ilikuwako kabla yao, na ujumbe wa simu ulikuwako. Walichokifanya ni kuitambua haja na kuviunganisha viwili hivyo. Miaka miwili baadaye, tetemeko la ardhi lilipoipiga Haiti, programu hiyo hiyo ilitumika huko. Sisemi kila kijana atatengeneza jambo la ukubwa huo. Nasema haja ya kweli huipa kazi ndogo uzito ambao mapambo hayawezi kuipa.

Cha pili ni ukaribu. Mwenye haja hiyo awe mtu unayeweza kumwendea kwa miguu, ukamuuliza, ukamtazama akiitumia kazi yako. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Kijana wa Kisauni anayetengeneza tovuti ya kukodisha nyumba za Paris hana wa kumsahihisha. Atakisia kila kitu, na kukisia kwake kutaonekana.

Cha tatu ni kadiri. Kazi iwe ya kumalizika kwa wiki nne hadi sita. Kazi ndogo iliyokamilika yashinda jumba lisilo na paa. Mwenye kuajiri akikuta vitufe visivyobonyezeka na kurasa zilizoandikwa "yaja karibuni", ataona kwamba hivi ndivyo utakavyomwachia kazi yake.

Cha nne ni uamuzi. Ndani ya kazi pawe na mahali ambapo kulikuwa na njia mbili, ukachagua moja kwa sababu unayoweza kuieleza. Hicho ndicho atakachokiuliza msaili, kwa kuwa atakulipa kwa fikira zako.

Nikamuuliza yule kijana aajiriye: kazi ngapi zatosha? Akanijibu: tatu. Hufungua ya kwanza, akivutiwa hufungua ya pili, na ya tatu ni kwa aliyekwisha kumpenda mtu. Mshika mawili moja humponyoka, sembuse mshika kumi! Naweka hapa mifano mitatu, ili kila mmoja atafute ya mtaani kwake.

Mfano wa kwanza ni mama mpishi wa shughuli. Kila mtaa wetu unaye. Hupokea maagizo ya pilau na biriani kwa WhatsApp, huyaandika daftarini, na siku moja hujikuta na harusi mbili Jumamosi moja na masufuria ya harusi moja. Mtengenezee tovuti ya kupokea maagizo: aina ya chakula, idadi ya watu, tarehe, bei. Yaonekana sahali, lakini tazama maamuzi yaliyomo. Tovuti ikatae agizo pale siku ilipojaa. Je, "imejaa" ni harusi ngapi, au ni sahani ngapi? Mama mpishi ndiye ajuaye, nawe ni lazima umuulize. Bei nayo ihesabiwe kwenye seva, kwa maana yaliyomo kwenye kivinjari mteja mjanja aweza kuyabadilisha, akajiuzia pilau ya watu mia kwa shilingi 1.

Kisha yaja malipo. M-Pesa ipo tangu mwaka 2007, na Safaricom wana mfumo uitwao Daraja unaowawezesha watengenezaji kuunganisha tovuti na malipo hayo. Una uwanja wa majaribio, basi kijana aweza kujifunza humo kwanza. Mafunzo yaliyomo humo ni makubwa. Mteja huletewa ombi simuni atie nambari yake ya siri, na jibu la malipo hufika kwenye seva baadaye kidogo. Mteja aweza kughairi. Salio laweza kuwa halitoshi. Mtandao waweza kukatika jibu lisifike, au jibu moja likafika mara mbili, nawe usiandike kwamba amelipa mara mbili. Kijana awezaye kueleza, kwa utulivu, alivyoyashughulikia mambo haya manne, huyo ameshuhudia kwa macho yake. Msaili atamsikiliza.

Mfano wa pili ni daftari la madrasa. Madrasa nyingi zetu huandika wanafunzi, mahudhurio na ada kwenye vitabu vinavyochakaa. Mfumo mdogo wa kuweka kumbukumbu hizo utamfundisha kijana mambo ya hifadhidata, nywila, na nani aruhusiwe kuona nini: mwalimu aone darasa lake, mzazi aone mwanawe tu, mhasibu aone ada. Tena kuna tatizo moja tamu ambalo mtengenezaji wa ng'ambo hatalifikiria. Mtafute mtoto aitwaye Muhammad. Katika daftari moja utamkuta Mohamed, Mohammed, Muhammad na Mohamad, na Khadija na Hadija, na Said na Saeed. Tovuti inayotafuta herufi kwa herufi itasema mtoto hayupo, ilhali yupo amekaa mkekani. Kijana afanye nini? Alinganishe sauti badala ya herufi? Aweke orodha ya majina yaliyo sawa? Amwonyeshe mwalimu majina yanayokaribiana achague mwenyewe? Kila jibu lina faida na hasara. Haya ndiyo mambo ya kuelezwa katika usaili.

Lakini hapa pana tahadhari. Majina ya watoto, simu za wazazi, nani amelipa na nani amekwama, yote hayo ni amana. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia habari za mtoto. Basi nakala inayoonyeshwa hadharani iwe na majina ya kubuni matupu, na ile ya madrasa ikae mbali, imefungwa. Kijana anayeweka habari za watoto wa watu mtandaoni ili apate kazi amejivunjia heshima kabla ya kuajiriwa, na mwajiri mwenye akili atasema, "Kesho atazianika za wateja wangu."

Mfano wa tatu ni wa aina nyingine: kurekebisha kazi ya mtu mwingine. Wale vijana wawili walikubaliana katika hili kuliko lolote. Siku ya kwanza kazini hutapewa ukurasa mtupu. Utapewa jengo lililojengwa na watu watano, wawili wao walishaondoka, nawe uambiwe: mlango huu haufungi, urekebishe, na usiangushe ukuta. Duniani kuna programu huria, ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma na kupendekeza marekebisho, na nyingi zimehifadhiwa GitHub. Chagua moja unayoitumia. Soma maelekezo yao. Anza na dogo: maelezo yaliyopitwa na wakati, kosa lililokwisha kuripotiwa, au tafsiri ya Kiswahili iliyobananga. Pendekezo lako likikubaliwa, msimamizi usiyemjua ameshuhudia kwamba kazi yako yafaa. Likikataliwa, jibu kwa adabu urekebishe. Mazungumzo hayo nayo yabaki pale, na mwajiri huyasoma. Humo ataona unavyopokea kusahihishwa, jambo ambalo hakuna cheti kinachoweza kulionyesha.

Hiyo ndiyo mifano mitatu. Ni lugha ipi na zana zipi zitumike? Msizozane juu ya hilo, wala msifuate uvumi. Kijana akusanye matangazo ishirini ya kazi anayoitaka, aandike kila ujuzi uliotajwa, ahesabu umetajwa mara ngapi. HTML, CSS na JavaScript atazikuta karibu kote, kwa kuwa hizo ndizo ambazo vivinjari huzielewa. Baada ya hapo njia hugawanyika. Ofisi nyingi ndogo hutumia WordPress, iliyojengwa kwa PHP; kampuni nyingine hutaka mambo mengine kabisa. Matangazo yenyewe ndiyo yatakayompa jibu, maana hayo yameandikwa na wenye kulipa.

Kazi ikiisha, bado kuna mambo manne kabla ya kuionyesha.

Mosi, ifunguliwe kwenye simu ya bei nafuu, kwa bando, mahali mtandao ulipo dhaifu. Wengi wa watu wetu huingia intaneti kwa simu hizo. Picha ya pilau yenye ukubwa wa megabaiti tano ni mzigo juu ya mteja, ipunguzwe.

Pili, itumike na kila mtu. Asiyeona hutumia programu inayomsomea ukurasa kwa sauti, nayo husoma maelezo ya picha na majina ya visanduku vya fomu. Yasipoandikwa, ataachwa gizani. Maandishi nayo yatofautiane na rangi iliyo nyuma yake. Kanuni za kimataifa za tovuti zataka uwiano usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na ziko zana za bure za kuupima. Ni wachache wanaojifunza wenyewe hulishughulikia jambo hili, basi alishughulikiaye huonekana.

Tatu, kiungo kifanye kazi. GitHub huweka bure kurasa zisizohitaji seva, na zile zenye seva zatafutiwa mahali pengine. Kijana awe na mazoea ya kukifungua kila kiungo kwa simu ya mtu mwingine kabla ya kupeleka maombi. Msomaji wa maombi ana dakika chache. Akikuta mlango umefungwa hatabisha mara ya pili.

Nne, pawe na maelezo. Ukurasa mmoja, maneno mepesi: kazi hii ni ya nini, ni ya nani, uliamua nini na kwa nini, na nini bado hakijakamilika. Usione haya kulitaja pungufu. Anayesema "tovuti hii haijajaribiwa na watu zaidi ya hamsini kwa pamoja" huaminiwa katika mengine yote aliyoyasema.

Hapo tumefika kwenye neno ambalo singependa lipite upesi. Siku hizi iko akili unde iandikayo programu nzima kwa kuombwa tu, na ziko kazi za wenzetu ambazo ni rahisi kuzichukua na kuzibandika jina. Kutumia chombo si kosa. Seremala hatukanwi kwa kutumia randa ya umeme. Kosa ni kudai ujuzi usio nao. Msaili atakufungulia kazi yako mwenyewe akuambie, "Hapa badilisha, mteja aweze kuagiza vyakula viwili kwa pamoja." Ikiwa huijui kila sehemu ya kazi hiyo, ushahidi wako utavunjika mbele yako. Njia ya mwongo ni fupi, na mji wa mafundi ni mdogo. Jina likichafuka Nyali litafika Nairobi kabla yako. Kadhalika usiandike kwamba una wateja kumi, ilhali una shangazi mmoja. Shangazi mmoja aliyeitumia kazi yako miezi mitatu, nawe ukayasahihisha aliyoyalalamikia, ni shahidi mzuri kabisa.

Na haki ya kijana nayo ilindwe. Mama mpishi akiikubali tovuti, yafanyike mapatano kabla ya kuanza: bei, hata ikiwa ndogo; ni nani atakayelipia jina la tovuti kila mwaka; na ikiharibika usiku wa kuamkia harusi, ni nani aitwaye. Udugu wetu waharibika zaidi kwa yasiyosemwa kuliko kwa yaliyosemwa. Vilevile wako waajiri wanaompa mwombaji "jaribio" la wiki nzima, kisha wakaitumia kazi ile bila kumlipa wala kumwajiri. Jaribio la saa chache ni la kawaida. Likizidi siku mbili, kijana aulize kwa adabu kama lina malipo. Jibu atakalopewa litamfundisha mengi kuhusu wale watu.

Sasa narudi kwa mama yetu, na kwa ami.

Jibu langu ni kwamba asiache, lakini asiendelee vilevile. Zile kazi kumi aziondoe hadharani. Zilimfundisha, na hilo latosha. Atengeneze tatu kwa vipimo tulivyovitaja, moja baada ya nyingine, akipewa muda unaojulikana. Miezi sita yatosha, na mwisho wake mkae tena pamoja. Kibarua, kikipatikana, si aibu wala si adui: saa mbili za alfajiri kabla ya kibarua, zikishikwa kila siku, hufika mbali kuliko mchana mzima wa wasiwasi. Kompyuta isiuzwe. Fundi akishauza msumeno, hata kazi ikija hana cha kuipokelea.

Wala simwahidi mtu kwamba kazi tatu nzuri zitaleta ajira. Soko ni gumu, na milango mingine hufunguka kwa wanaojuana. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini katika fani hii hata chema hakina budi kutembezwa. Kijana atoke, akutane na wenziwe. Papa hapa mjini, karibu na Fort Jesus, ipo Swahilipot Hub ambako vijana wa teknolojia na sanaa hukutana. Anayeonekana akifanya kazi hukumbukwa nafasi inapotokea.

Nanyi wazazi, mkitaka kujua kama mtoto anafanya kazi au anapoteza wakati, msimuulize, "Utapata lini?" Hilo hana jibu lake, na humvunja moyo. Mwambieni, "Nionyeshe ulichokitengeneza wiki hii, na unieleze ni cha nani." Akiweza kuwaeleza nyinyi mkaelewa, ataweza kumweleza msaili. Na asipoweza, mtakuwa mmejua mapema, yeye na nyinyi, ni wapi pa kuanzia Jumatatu.

Wabillahi tawfiq. Tukutane juma lijalo, inshaallah.